Sentimita Thelathini na Nane za Shangazi

…thelathini na nane, jamani! Sentimita thelathini na nane kwa mwaka mmoja, na mmea wenyewe ni ule unaokua nusu kidole, tena mwaka ukiwa mzuri! Redio ya taifa ilitangaza saa mbili asubuhi, ikarudia saa nne, na ilipofika saa sita ulikuwa umeshatungiwa wimbo. Ngoja nikae vizuri niwaanzie mwanzo, maana nikianza na kinyaa nitatapika kabla sijafika katikati.

Kwanza tuelewane. Nchi ninayoisema si hii. Ni nchi moja ya mbali sana, jina lake nimelisahau kwa sababu za kiusalama. Mtu akiona humu kitu kinachofanana na cha kwao, ajue ni macho yake, akapimwe.

Huko kuna mlima. Mlima mkubwa, una hifadhi yake, una geti lake, na getini kuna bango lenye picha ya kiongozi akiutazama mlima, mlima wenyewe umewekwa nyuma kidogo usije ukamziba. Zamani kileleni kulikuwa na barafu. Jua likazidi, mvua zikasahau miezi yake, barafu ikaisha. Wizara ikapeleka turubai jeupe, likafungwa kwa kamba kule juu, na wageni wakaendelea kupiga picha. Vichaka vya chini navyo vikaona joto haliwezekani, vikaanza kupanda taratibu kufuata baridi. Wataalamu wakaandika kwa wasiwasi. Wizara ikavitumia vile vichaka barua ya pongezi, kwa kupanda mita mia mbili bila ruzuku ya serikali.

Sasa juu kabisa, mahali ambapo mti wa kawaida hauthubutu, kuna mmea wenyeji wanauita mnyamavu. Umewahi kumwona bibi aliyevaa makoti sita na kabichi kichwani? Ndio huo. Shina nene, kichwani majani mapana yanayojifunga jua likizama na kufunguka asubuhi. Majani yakizeeka hayadondoki, yanabaki yamelikumbatia shina, na hilo ndilo koti lake. Ukiuvua koti, unakufa kwa baridi. Kwa hiyo wageni walikuwa wanauvua. Majani makavu yanashika moto haraka, na mgeni aliyelipa kuja kuona maumbile lazima anywe chai.

Mwenye kazi ya kuipima hiyo minyamavu alikuwa dada mmoja anaitwa Nakijwa. Chuo amemaliza, cheti anacho, ajira hana. Alichokuwa nacho ni mkataba wa miezi mitatu ambao ulikuwa umeongezwa mara tisa. Kazi aliirithi kwa marehemu baba yake, Mzee Kiure, aliyeipima mimea ile miaka thelathini na moja kwa uzi na pimamaji. Mzee yule alikuwa na akili. Kando ya kila mnyamavu alipigilia msumari wa chuma kwenye jiwe, usawa wa ardhi ya siku zile. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu, unafunga uzi kwenye msumari, unaunyoosha hadi kwenye shina, unapima kuanzia hapo kwenda juu. Hupimi kuanzia udongoni. Nakijwa alipokuwa mdogo aliuliza kwa nini, na baba yake akamjibu kwamba ardhi ina miguu, jiwe halina.

Mnyamavu mrefu kuliko yote ulikuwa Namba Tisa. Ulisimama peke yake juu ya kambi ya pili, umeinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetaka kukuuliza ulilala wapi. Ndiyo maana tangu enzi za mzee watu walimwita Shangazi.

*

Mwezi wa tatu Nakijwa alipanda na uzi wake. Akafunga kwenye msumari, akanyoosha, akapima. Mia tatu na kumi na mbili. Mwaka jana mia tatu na kumi na mbili. Yaani Shangazi hakuwa ameongeza hata ukucha, na nusu ya koti lake lilikuwa limeshachemshia watu chai. Hilo peke yake lilitosha kuharibu siku. Lakini akatazama chini ya uzi. Hapakuwa na ardhi. Uzi ulikuwa unaning'inia hewani, na chini yake mizizi ya Shangazi ilikuwa nje, imelegea kama kamba za viatu. Alipima ile nafasi tupu kutoka kwenye uzi hadi udongo ulipo. Sentimita thelathini na nane.

Sababu haikuhitaji digrii. Njia ya wageni, ambayo baba yake aliikuta ina upana wa mtu mmoja, sasa ilikuwa na hatua kumi na moja, kwa kuwa kila mgeni anaogopa tope, anakanyaga pembeni, kesho pembeni inakuwa tope, na mwingine anakanyaga pembeni ya pembeni. Majani yakafa. Udongo ukabaki uchi. Halafu mvua ile iliyokuwa ikinyunyiza wiki tatu siku hizi inamwagika yote mchana mmoja, kwa hasira. Udongo ukaingia mtoni, mto ukashuka mjini. Nakijwa aliyaandika yote hayo, akaweka na picha, akamalizia kwamba Shangazi asipofukiwa mizizi na njia isipofungwa, hamalizi mwaka.

Mkuu wa Hifadhi, Bwana Lutengano, aliisoma taarifa ile akitafuna karanga. Alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo la kistaarabu, ambaye hajawahi kupanda juu ya kambi ya kwanza kwa sababu ya presha. Alimwambia Nakijwa kwamba amefanya kazi nzuri, ila amechelewa: umetoka mwongozo mpya wa upimaji, unaosema kimo cha mmea kitapimwa kuanzia pale udongo ulipo siku ya kupima. Akachukua kalamu. Mia tatu na kumi na mbili, jumlisha thelathini na nane, mia tatu na hamsini.

"Mkuu," alisema Nakijwa, "mmea haujapanda. Ardhi imeshuka."

"Binti," alisema Bwana Lutengano, "wizara haina kitengo cha kushuka."

Akagonga muhuri.

Na mngedhani yameishia hapo! Wiki ileile wizara ilirusha ndege isiyo na rubani kuhesabu maua. Karibu na kambi zote ikakuta maua meupe, mengi, mapya, yanayochanua vichakani mwaka mzima bila kujali msimu. Elfu nne mia mbili. Wakayapa jina la kitaalamu. Nakijwa, ambaye anapita kambini kila siku akiwa ameziba pua, aliwaandikia kwamba yale si maua, ni karatasi za chooni, maana vyoo vya kambi vilijaa miaka miwili iliyopita na watu wanajisaidia vichakani, hatua ishirini kutoka kwenye chemchemi. Wizara ilimjibu kwa adabu kabisa. Ilimshukuru kwa kubaini chakula cha ua hilo.

*

Ndipo akaingia Waziri wa Milima, Miinuko na Ustawi, Mheshimiwa Daktari Bahegwa. Udaktari alipewa na chuo kimoja cha nje baada ya kukitembelea. Aliposikia thelathini na nane alilia machozi bungeni, akasimama, akasema maneno ambayo watoto wa shule waliyakariri wiki nzima:

"Ikiwa mmea, usio na elimu, usio na mtaji, unaoishi kwenye baridi, umekua asilimia kumi na mbili, je, mwananchi mwenye miguu miwili anashindwa nini?"

Bunge likapitisha Siku ya Kimo. Sherehe itafanyika mlimani, pembeni ya Shangazi mwenyewe, atavishwa nishani. Wageni mia tatu na kumi na wawili. Zulia jekundu, jukwaa, jenereta, kwaya, masofa kumi na mawili ya viongozi, na mtungi wa hewa wa Mheshimiwa, maana huko juu pumzi ni za kugawana.

Na maji, bila shaka. Nisiwasahaulishe maji. Katika mji mkuu wa nchi ile mabomba yalikuwa yanatoa maji ya rangi ya chai tangu mwaka juzi. Watu walipolalamika, serikali haikukaa kimya kama serikali za hovyo. Iliyatia kwenye chupa, ikayaita Udongo Wetu, ikaandika kwenye karatasi ya chupa kwamba yana madini ya mlimani. Ikawa sheria: katika kila sherehe mgeni rasmi anakunywa glasi moja mbele za watu kuonyesha uzalendo. Mawaziri wote walishajua namna yake. Unajaza mdomo, unatabasamu, unatoa leso kana kwamba unajifuta jasho, unatemea humo. Leso za mawaziri wa nchi ile, wafuaji wake wangesema, lakini nao wameapishwa.

Nakijwa alipopata ratiba alikwenda mbio kwa mkuu wake. Hakuomba sherehe ifutwe, akili zake zilikuwa timamu. Aliomba isogezwe hatua thelathini tu. Mizizi iko nje, alieleza, watu mia tatu wakikanyaga pale, Shangazi anaanguka. Bwana Lutengano alisikitika kwa dhati. Tatizo, alisema, zulia limeshakatwa. Limepimwa kutoka helikopta itakapotua hadi kwenye shina, na zulia halisogei.

*

Siku tatu kabla ya sherehe wapagazi walianza kupandisha masofa. Mkuu wa wapagazi alikuwa Ombeni, mtu wa kaskazini mwa mlima, na Nakijwa ni wa kusini. Katika mlima ule watu wa pande hizo mbili ni watani: wanatukanana misibani, wanachukuliana kuku, na hakuna kesi. Ombeni aliposhusha sofa akamkuta Nakijwa amepiga magoti mbele ya Shangazi, anasukuma mawe chini ya mizizi kwa mikono mitupu.

"Nyie wa kusini," alisema Ombeni akijifuta shingo, "mtu akifa mnampima kwanza. Akiwa mrefu mnamkunja, kaburi lisiwe refu bure."

"Na nyie wa kaskazini mkiona jeneza mnauliza linauzwa," alisema Nakijwa, bila kugeuka.

Ombeni akachuchumaa. Alitazama mizizi, akatazama jukwaa linalopigwa misumari hatua nne kutoka pale, akaelewa. Alikwenda akarudi na viroba.

Udongo wa Shangazi haukuwa umeenda wote. Kiasi kilikuwa kimekwama kwenye shimo nyuma ya jabali, chini ya njia. Basi mchana ule, ukungu umeshuka kiasi kwamba mkuu wa jukwaa hakuona mbali kuliko nyundo yake, mtu na mtani wake walibeba udongo kurudi nao juu. Viroba kumi na saba. Ombeni alibeba kumi na mbili huku akidai kwamba anayehesabu ni mtu wa kusini kwa hiyo hesabu si ya kuamini. Walifukia mizizi yote, wakapanga mawe kuzunguka, wakamwagilia. Udongo ukafika sawasawa kwenye msumari wa Mzee Kiure. Nakijwa alifunga uzi, ukalala juu ya ardhi kama zamani.

Asubuhi jua lilipogusa kichwa cha Shangazi majani yalifunguka yote, hata yale ya pembeni ambayo tangu mwezi wa kwanza yalikuwa yamejikunja kama ngumi. Nakijwa alikaa chini akayatazama. Akacheka peke yake. Muda mrefu alikuwa hajacheka kazini.

*

Saa nne akafika Afisa Itifaki, mama mmoja wa koti jekundu na filimbi shingoni, kuja kufanya mazoezi ya sherehe. Nyuma yake Bwana Lutengano, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amevuka kambi ya kwanza, akiwa amebebwa kwenye sofa la mwisho. Afisa Itifaki akatoa futi ya kukunja, akapima kwa mujibu wa mwongozo, kutoka udongoni kwenda juu. Akapima tena. Akavua miwani.

Mia tatu na kumi na mbili.

Mniamini, jamani: yule mama alikaa kitako. Taifa zima limeambiwa mia tatu na hamsini, wimbo umeshatoka, watoto wameshakariri, na mmea umerudi chini! Bwana Lutengano aliuliza nani amemgusa. Nakijwa akasema ni yeye, amerudisha udongo, na kama wangependa kuona, mmea umeshaanza kupona. Ombeni naye alitaka kusema kitu, Nakijwa akamkanyaga mguu.

Hapo ndipo sheria ilipofunuliwa. Bwana Lutengano alikuwa nayo mfukoni. Kosa la Nakijwa lilikuwa kupunguza kimo cha mmea wa serikali, na adhabu yake ilikuwa sawa na ya mtu aliyeshusha bendera. Lakini Bwana Lutengano hakuwa mkatili, si nimewaambia ni mpole? Alimvuta Nakijwa pembeni, akamwita mwanangu. Udongo utaondolewa, alisema, na yeye, kwa kuwa ndiye mpimaji, atasimama kwenye kipaza sauti mbele ya Mheshimiwa na kusoma namba. Neno moja tu, thelathini na nane. Akishalisema, barua ya ajira ya kudumu iko tayari, imeshapigwa muhuri, kasoro jina.

Nakijwa alimtazama, hakujibu. Bwana Lutengano akaandika kwenye karatasi yake: amekubali.

Wakaitwa askari wa hifadhi wenye majembe. Vijana wachapakazi, si unajua mtu akiangaliwa na wakubwa. Walichimba, wakachimba, Afisa Itifaki alipopima akakuta wamefika sentimita arobaini na moja. Kukawa na mjadala mzito. Mwisho wakaamriwa warudishe sentimita tatu, zilingane na redio. Zile tatu wakazishindilia kwa buti.

Nakijwa alisimama kando ameshika uzi wa baba yake, ameuzungusha kwenye vidole mpaka vikawa vyeupe. Mizizi iliyokuwa imeanza kushika ilikatika mbele yake. Aliisikia, kwa sababu mizizi ya mnyamavu ina maji, ikikatika inalia kama bamia.

*

Siku yenyewe ikafika. Mazoezi ya makofi yalikuwa yameshafanyika tangu alfajiri: Afisa Itifaki aliwafundisha wageni kwamba ikitajwa namba yoyote, piga makofi, isipotajwa namba, nyamaza. Ni utaratibu mzuri, unaokoa muda wa kufikiri.

Helikopta ilitua mwanzoni mwa zulia. Upepo wake ulimvua Shangazi kipande cha mwisho cha koti lake. Majani makavu yaliruka juu ya kwaya, na kwaya ikadhani ni sehemu ya shughuli, ikaongeza sauti. Maua meupe nayo, yale ya wizara, yaling'oka vichakani yakazunguka hewani, moja likatua begani kwa mke wa mkuu wa mkoa. Alilipeleka puani. Sitaki hata kuendelea na hilo.

Mheshimiwa Bahegwa alipanda jukwaani na mtungi wake wa hewa. Hotuba aliitoa kwa vipande: sentensi nusu, pumzi, sentensi nusu. Alisema zamani mlima huu ulikuwa umelala. Pumzi. Alisema wapo watu, hakuwataja, wanaosema hali ya hewa inabadilika. Pumzi. Aliwajibu kwamba hata serikali inabadilisha hali za watu na hakuna anayelalamika. Alitaja maua elfu nne mia mbili, wakapiga makofi. Alitaja vichaka vilivyopanda mita mia mbili, makofi. Aliuelekeza mkono kwenye turubai la kileleni na kusema barafu yetu haiyeyuki tena, na kwa kweli hakuna aliyeweza kumpinga.

Kisha akashuka kumvisha Shangazi nishani. Utepe ulikuwa mfupi. Akajinyoosha, haukufika. Wapambe wakamnyanyua kidogo, akafika, akauvisha, na alipokuwa pale juu wapiga picha wakaomba amkumbatie. Akamkumbatia kwa uzito wake wote, na Mheshimiwa uzito alikuwa nao.

Shangazi hakuanguka kwa kishindo. Aliinama polepole, kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda, akaendelea kuinama, na Mheshimiwa akiwa amemshikilia, wakalala wote wawili kwenye zulia. Mizizi ikabaki inaangalia mawingu. Hakuna aliyetaja namba, kwa hiyo watu mia tatu na kumi na wawili walinyamaza kimya kabisa.

Wapambe walimwinua Mheshimiwa. Uso wote ulikuwa tope. Akachomoa leso, akajifuta paji la uso, mashavu, meno, leso ikawa donge jekundu, akaitupa. Kumbukeni hiyo leso.

Na Bwana Lutengano, nani alijua ana mbio vile! Alikuwa ameshapiga magoti na futi, anampima Shangazi pale alipolala, kutoka ncha ya mzizi hadi ncha ya jani. Mita nne na sentimita sabini. Alimkimbilia Nakijwa, macho yakimwaka, akamnong'oneza kwamba mambo yamekuwa mazuri kuliko walivyopanga, asiseme tena thelathini na nane, aseme mmea umeongezeka zaidi ya mita moja ndani ya dakika tano, mbele ya Mheshimiwa mwenyewe. Akamsukuma kwenye kipaza sauti. Matangazo yalikuwa yanakwenda moja kwa moja redioni. Na kwa kuwa ratiba ni ratiba, mhudumu akatokea na sinia, akampa Mheshimiwa glasi yake ya Udongo Wetu.

Nakijwa alisimama pale na uzi wake mkononi. Barua ya ajira aliiona, imetokeza kwenye mfuko wa shati la mkuu wake. Alimwona Shangazi pia, majani yake yameanza kujikunja mchana kweupe. Aliinama, akafunga uzi kwenye msumari wa baba yake, akaunyoosha juu ya shimo la askari, akapima kutoka kwenye uzi kwenda chini. Hakuwa na haraka.

"Thelathini na nane," alisema kwenye kipaza sauti.

Makofi. Kwaya ikataka kuanza, Afisa Itifaki akaizuia.

"Lakini si za mmea. Huyu hakukua hata kidogo, na sasa amekufa. Hizi ni za mlima. Mlima umeondoka, Mheshimiwa. Sentimita thelathini na nane, mwaka mmoja."

Namba imetajwa, wakapiga makofi tena, wengine wakasimama. Mheshimiwa naye alikuwa anatabasamu, glasi ameshaiinua kwa ajili ya picha. Nadhani alisikia neno mwaka na neno mlima, akaona ni salama kuuliza.

"Umeondoka umekwenda wapi, binti yangu?"

"Umeushika mkononi," alisema Nakijwa.

Hapo hapakuwa na namba. Hakuna aliyepiga makofi. Watu mia tatu na kumi na wawili waliigeukia ile glasi, na kwa kuwa palikuwa kimya na jua lilikuwa linapita katikati yake, wote waliona: udongo mwekundu ukizunguka chini polepole, na kauzi kadogo ka mzizi kakielea. Mheshimiwa aliangalia glasi. Aliangalia kamera. Aliangalia kipaza sauti cha redio. Sheria ya glasi aliisaini mwenyewe. Akanywa. Mdomo ukajaa, mashavu yakatuna. Mkono wake ukaenda mfukoni kutafuta leso, ukaingia, ukatoka mtupu, ukaingia tena.

Kama alimeza au alitema, na alitemea wapi, na barua ya ajira iliandikwa jina la nani, hayo nitawaambia kesho, maana bomba la uani limeanza kukohoa, na huku kwetu likikohoa unakimbia na ndoo. Nipisheni, na nani amechukua kitambaa changu cha kuchujia? Jana nilikuta jani humo. Ngoja nikaukinge mlima kabla haujakatika.